Fimbo Mbili za Mbuthia

Mume wangu Mbuthia alikuwa karani wa bohari kwa miaka ishirini na sita, na hakuna siku aliyotoka nyumbani kwetu mtaa wa Mbotela, Nairobi, bila tai. Naandika mwenyewe kwa sababu watoto wetu wameanza kusikia kwa wengine jinsi baba yao alivyokwisha.

Mwaka wa 1978 ugonjwa wa sukari ulimwangusha kazini. Muuguzi wa zahanati ya misheni, mama mmoja kutoka Ufini, alimpa dawa, kisha akamwagiza atembee kila siku kwa fimbo mbili, kama wafanyavyo kwao wanamichezo wa kuteleza thelujini, theluji ikiisha. Unachomeka fimbo ardhini nyuma kidogo ya mguu, unajisukuma, unabadilisha mkono. Magoti hupunguziwa uzito, kifua hufunguka, na misuli mingi ikifanya kazi huitumia ile sukari iliyo kwenye damu. Fundi Mulama alichonga mipini miwili ya fagio, akaivisha raba ya tairi chini.

Kwa miezi mitano Mbuthia alitembea hadi Pumwani na kurudi. Mkanda wake ukaongezwa matundu mawili. Akaacha kuhema kwenye ngazi za kanisa, akalala usingizi wa mtoto.

"Niaje, mzee! Umeota miguu minne?" vijana walimpigia kelele.

"Bakini na miwili yenu. Tutaonana mbele!"

Ijumaa moja alichelewa kutoka. Alipofika Majengo swala ilikuwa imekwisha na waumini wanatoka, akapumzika ukutani karibu na msikiti, fimbo kando, kofia mkononi. Mfanyabiashara mmoja, Mzee Burale, akatumbukiza sarafu ya sumni kofiani. "Mungu akuponye, baba."

Mbuthia aliitikia amina, akampa kipofu aliyeketi jirani ile sumni. Alinisimulia akicheka. "Ningemkatizaje mtu thawabu zake?"

Mimi sikucheka, kwani Asenath wa chama chetu cha akina mama alikuwa amepita na kuona. Alinivuta pembeni Jumapili mbele ya mlango wa kanisa. "Mama Wakiuru, kama nyumbani kumekuwa kugumu, si ungetuambia? Tungepitisha kikapu."

Jioni hiyo nilizivunja fimbo zote mbili nikazitia kwenye moto wa jiko.

Alijaribu kutembea mikono mitupu. Magoti yalikataa kabla ya barabara ya Jogoo. Basi akaketi barazani na tai yake, nadhifu, kama nilivyotaka. Sukari ikapanda. Kidonda cha kidole cha mguu kikakataa kupona, na mwaka uliofuata wakamkata mguu chini ya goti. Hospitali ikampa magongo mawili. Nilitembea naye mtaa mzima mchana, na hakuna aliyecheka.

Tulimzika Aprili 1981.

Wanangu, baba yenu hakumwomba mtu yeyote kitu maishani mwake. Aliniomba mimi tu, jioni ile mbele ya jiko, nimwachie walau fimbo moja.