Pete Iliyogeuka Nyeupe

Miaka ile ya rashi, watu walipomiminika Genkuru kutoka kila upande kutafuta dhahabu, mimi nilikuwa naosha mchanga mwaloni, pale panapooshewa dhahabu. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga wake unapitishwa na maji juu ya magunia, kinachonasa unakitia kwenye beseni, unamimina zebaki, unakoroga kwa mkono mpaka ikusanye dhahabu yote. Halafu unakamua kwa kitambaa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa na haraka ya kila kitu.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mugumu. Tulikubaliana pete zetu zitengenezwe kwa dhahabu niliyoiosha mwenyewe. Ni mimi niliyesisitiza. Yeye angetosheka na za kununua sokoni. Msimu mzima niliweka chembechembe kwenye kichupa cha dawa ya macho, na sonara mmoja wa Tarime akafua pete mbili. Mchumba akachukua yake. Yangu mama aliniambia niifungie sandukuni mpaka siku ya harusi.

Sikuifungia. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na nilikuwa situlii. Naivaa, naivua, naizungusha kidoleni. Asubuhi moja nilitoka nayo, nikajiambia nitaivua nikifika kazini. Nilipofika, mwenzangu alikuwa ameshaanza kukoroga na ananiita, nikasahau. Nilikumbuka nikiwa nakamua kitambaa. Niliinua mkono, nikaona pete ya rangi ya bati.

Nilidhani ni tope. Nikasugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni ya kufulia. Mwenzangu, mama mmoja wa makamo, alikishika kidole changu akakitazama.

"Imekunywa zebaki," alisema. "Usisugue tena, utaimaliza."

"Itarudi?"

"Mimi si fundi. Nenda kwa aliyeitengeneza."

Nilipanda bodaboda saa ile ile, miguu ina matope. Njia nzima nilikuwa natunga cha kumwambia mchumba. Mara imeibiwa. Mara imedumbukia shimoni. Kila tukipanda mlima nabadilisha.

Sonara alikuwa mzee mpole. Nilimwamkia shikamoo, nikaiweka pete mezani bila maelezo. Aliigeuza mara moja tu.

"Binti, hukuniambia unashika zebaki."

"Hukuniuliza, mzee."

"Kweli. Sikukuuliza."

Akanieleza kwamba anaweza kuichoma zebaki itoke, ila pete itabaki na vitundu, na nikirudi nayo kazini itageuka tena. Ya madini ya fedha ingekuwa hivyo hivyo. Ya shaba pia.

"Zebaki haishiki chuma," alisema. "Ndiyo maana wanaisafirisha kwenye chupa za chuma."

Kisha akaniambia ninyooshe mikono yote miwili, vidole nivitanue. Nikanyoosha. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama pete.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Naangalia kama zebaki imeanza kuitetemesha." Akarudi kukaa. "Bado."

Hiyo "bado" ndiyo iliyonitoa dukani sijui ninakokwenda. Nilizunguka soko la Tarime mara mbili bila kununua kitu. Nikafika stendi, nikaondoka, nikarudi. Mwishowe nikapanda gari la Mugumu.

Mchumba nilimkuta darasani peke yake, anasahihisha madaftari. Nilikuja na uongo wa aina tatu. Nikasema ukweli wote, hata alivyosema sonara juu ya chuma, kwa sababu nilichoka kuchagua. Pete hakuigusa.

"Hiyo zebaki inaingia mwilini?" aliuliza.

"Wanasema."

"Basi acha mwalo."

"Nikiacha nifanye nini? Nikae nikusubiri utoke shule?"

Tulibishana mpaka jua likahamia dirisha la pili. Yule mtu hukasirika kwa sauti ya chini, ndiyo maana ni vigumu kumshinda. Mwisho akasema, "Basi vaa chuma. Lakini na glavu uvae."

"Na wewe?"

"Mimi ninayo hii uliyonioshea. Siivui."

Aliyewaka ni mama yake. "Mura," alimwambia mwanawe mbele yangu, "unamvisha mwenzako chuma kama mpini unavyovishwa jembe? Huyu anatoka Genkuru, kwao wanaikanyaga dhahabu. Watu watasema tumemdharau."

"Mama, ya dhahabu niliivaa," nilisema. "Imegeuka."

"Basi geuza kazi."

Mchumba akatazama sakafu. Nikajua kwa hilo wako upande mmoja, nami niko peke yangu. Niliwaaga kabla chai haijaletwa.

Pete ya chuma alinitengenezea fundi wa Tarime anayekereza shafti za makarasha. Alichukua kipande cha chuma kisichoshika kutu, akakifunga kwenye mashine. Nilishindwa kukaa; akaniambia nichague, ama nikae ama nitoke nje, namzibia mwanga. Ilitoka nzito, ina ukingo mkali, akaulainisha kwa msasa.

Kanisani ilikwama kwenye kifundo cha kidole. Mchumba akasukuma, mchungaji akasubiri, watu wa nyuma wakaanza kucheka. Ikaingia. Mama mkwe alitazama ukutani mpaka tulipotoka nje.

Wiki iliyofuata nilirudi mwaloni. Mwisho wa wiki ndio nakwenda kwa mume wangu Mugumu. Glavu zilichanika kabla ya mwezi kwisha na sikutafuta nyingine. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu mama mkwe alipokuja Genkuru mwenyewe, bila kumwambia mwanawe. Alisimama juu ya magunia yenye maji akiwa na viatu vyake vya kanisani. Nilimwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Nawa mikono, twende nyumbani." Kwa mara ya kwanza sikubisha. Niliogopa, na nadhani naye alikuwa anaogopa.

Mtoto alizaliwa mzima. Mimi nikaanza kuuza nguo za watoto sokoni Mugumu, kazi ya kukaa kwenye kigoda, ambayo mpaka leo siiwezi vizuri. Wateja wakichelewa nasimama, nazunguka meza, nakunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa.