Uma wa Mbele Alioutengeneza Papa

Barabara ya kutoka kwetu Mangobo hadi soko kuu naijua kwa mgongo. Miguu yangu ilikufa nikiwa mtoto, na tangu ukubwani natembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono. Kila shimo lilipanda kutoka gurudumu la mbele hadi kiunoni. Daktari alisema nikiendelea kutikiswa hivyo, uti wa mgongo nao utaharibika. Papa, baba yangu, ambaye maisha yake yote alichomelea baiskeli za toleka, hizi teksi za pedali za mji wetu, alianza kazi kesho yake.

Alikata bomba mbili nene kwa ajili ya uma wa mbele, akaingiza ndani yake bomba nyembamba zinazoteleza kwa grisi. Kati yake akaweka resori, yaani springi, alizozitoa kwenye pikipiki zilizokufa: kila upande ndefu moja, na fupi ndani ya ndefu. Akaujaribu uma wake kama watu wa toleka wanavyojaribu kila kitu, yaani kwa mzigo. Magunia mawili ya mchele mbele, na juu yake tonton wangu, ndugu wa papa, mwenye kitambi. Uma ukanesa vizuri, majirani wakapiga makofi.

Kisha nikakaa mimi kwenye kiti. Haukushuka hata kidogo.

"Papa, hii ulifanyia muchele," nikamwambia. "Miye siko gunia."

Alicheka mpaka akakohoa. "Bon, shuka." Akafungua, akatoa zile resori fupi. Jioni hiyo nilipita mashimo yetu yote, makubwa na madogo, na kiuno hakikusema kitu. Nililia njiani kwa furaha, na aliyeniona na anione.

Lakini nilikula kwa mizigo. Akina mama waliokuja kwa mashua kutoka Yangambi walipakia magunia yao mbele yangu, pale ambapo mwenye miguu angeweka miguu. Wao walisukuma, mimi nikashika usukani na breki hadi sokoni. Sasa gunia la kwanza tu likauzamisha uma, chuma kikagonga chuma.

"Yaya, hii velo yako sasa ni ya kutembeza bibi-arusi," wakanitania mimi mkubwa wao, kisha wakapeleka magunia kwa wengine.

Papa aliniomba subira. "Ngoja kidogo, mwana yangu. Nitatafuta resori ya katikati, ibebe weye na mizigo."

"Mkono mtupu haulambwi, papa. Rudisha tu zile."

Alizirudisha polepole, akinitazama kila alipokaza nati, labda akitumaini nitamzuia. Sikumzuia. Mizigo ikarudi, sufuria ikajaa, na mimi nikatikiswa miaka mingi. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja kabla sijapata hata mtoto.

Daktari hakukosea. Siku hizi siwezi kukaa kitini muda wa kufika sokoni, na mizigo nimeiacha. Macho ya papa nayo yameliwa na moto wa kuchomelea. Ananijua kwa sauti. Hivi karibuni alinisihi nitoe zile resori fupi, maana sina tena cha kubeba. Fundi mwingine alizitoa asubuhi moja, papa akiwa amekaa kando, akipapasa kila kipande alichopewa.

Nilipanda. Nikaendesha hadi kwenye shimo kubwa lililo mbele ya lango letu, nikalipita. Uma ulishuka na kupanda taratibu, vile vile kama jioni ile. Kiuno kikaniuma kama kawaida.

"Alors," papa akauliza, "iko muzuri?"

"Iko muzuri sana, papa."

Alifurahi. Alitabasamu kuelekea mahali ambapo sikuwapo.