Ukingo wa Maua wa Mama

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa kazini Mikumi, kwenye nyumba ya wageni ninakofua mashuka. Alisema magugu yamefunika ukingo wa maua wa mama na nyoka ameonekana karibu na jiko. "Wewe ndiye mtoto wa kike," alisema. "Nenda ukamsafishie." Nikaomba ruhusa ya siku nne, nikapanda basi kwenda Kilosa kwa mama.

Kilikuwa kiangazi, ardhi ngumu kama tofali. Ukingo ule ulitoka mlangoni hadi barabarani. Zamani ulijaa waridi na asumini, lakini sasa ulikuwa umemezwa na alizeti pori zilizonizidi kimo, na chini yake ndago zimetambaa kila mahali. Nilifyeka kwa panga, nikang'oa visiki kwa sululu, kisha nikapiga magoti kuzifuata ndago kwa vidole, maana ukiacha hata kijitunguu kimoja ardhini hujafanya kitu. Siku ya pili viganja vilichubuka. Nikavifunga vitambaa, nikaendelea.

Mama alikaa mkekani, kwenye kivuli cha ukuta. Macho yake yamefifia, kwa hiyo nikiwa na shaka nilimpelekea jani. Alilipapasa, akalinusa.

"Hili ng'oa," alisema. Au: "Huo uache, ni mwasumini. Nilikuja nao nilipoolewa."

Tulicheka sana siku zile. Nilijilaumu kwa miaka yote niliyokuwa nakuja kula sikukuu na kuondoka kesho yake.

Siku ya nne asubuhi kaka alifika kutoka Morogoro na mwanamume nisiyemjua. Nilidhani ni fundi. Mgeni alitembea kando ya ukingo, akasimama nilipokuwa nimechimba.

"Sasa eneo linaonekana," alisema. "Geti litakaa hapa."

Nilimvuta kaka nyuma ya nyumba. "Umeuza nyumba ya mama?"

"Tumeuza. Mama ameshaweka dole gumba. Mnunuzi alitaka kuona eneo likiwa safi."

"Na nyoka?"

"Bila nyoka ungekuja?"

Nilirudi kwa mama nikachuchumaa mbele yake. "Mama, ulijua?"

"Nilijua. Kaka yako ndiye atakayenitunza, ningemkatalia vipi? Nami nilitaka nipite hapa pakiwa safi kabla sijaondoka."

"Ungeniambia."

"Ungekuja na hasira, mwanangu."

Nilichofanya baada ya hapo sijivunii. Nilichukua panga nikaukata ule mwasumini chini kabisa, kisha waridi, shina moja baada ya jingine. Kaka na mgeni wake walisimama wakinitazama.

"Unakata nini?" mama aliuliza.

"Magugu, mama."

Kulikuwa na maua machache yaliyochanua, na harufu yake ilimfikia. Nilimwona akigeuza uso kuelekea upande wangu. Hakuuliza tena.

Siku hizi mama anaishi Morogoro kwa kaka. Nikipiga simu, kaka ndiye hupokea. Namwamkia shikamoo kwa sababu ni mkubwa wangu, anaitikia marahaba, anampa mama simu. Tunaongea habari za mvua na miguu yake inayovimba. Kaka sijamsamehe. Mama sijawahi kumwomba radhi, na kila nikikata simu najua kwamba muda wa kufanya hivyo unapungua.