Alichohuisha Fundi Boila

Si kweli kwamba Fundi Boila alikula ruzuku ya mtaa. Wala si kweli kwamba alirukwa na akili, akawafukuza wafadhili kwa makelele. Watu wana msemo wao kwamba lisemwalo lipo. Katika habari hii kilichopo ni midomo tu. Mtu huyu alitoka katika nyumba yenye heshima, akaoa mwanamke aliyesoma, na hadi anaingia kaburini hakuwa amegusa cha mtu.

Alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha nyuzi, na yeye ndiye aliyekuwa akipiga king'ora. Mtaa mzima uliishi kwa mlio ule. Ukilia wa kwanza, watu walitoka kitandani. Ukilia wa pili, walikimbilia getini, na aliyechelewa alirudi kwake na aibu yake. Kisha kiwanda kikafungwa. Mabati yakang'olewa, majani yakaota katikati ya mashine, na maghala ya jirani yakafuata moja moja kama meno ya kikongwe. Fundi alibaki na funguo za chumba cha boila, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwomba azirudishe.

Kwa ajili ya funguo hizo alichaguliwa mwenyekiti wa umoja wa mtaa. Katibu alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, aliyerudi kutoka chuoni na maneno mapya. Siku moja binti huyo aliingia uani mbio.

"Mjomba, tumepata! Mfuko umetupa ruzuku ya kwanza. Wakija kukagua na wakaridhika, watatoa ile kubwa ya kugeuza ghala kuwa karakana. Kwa hiyo mfuko unakuja."

"Mfuko una miguu?"

"Mjomba nawe! Ni shirika linalotoa fedha. Wanataka kuhuisha maeneo ya viwanda yaliyochakaa."

"Kuhuisha ndiyo nini?"

"Kutia uhai."

"Kukitia uhai kitu gani? Kiwanda?"

"Eneo, Mjomba. Eneo."

Fundi alilitazama eneo kupitia mlango wa ua: ukuta wenye nyufa, mtaro ulioziba, mbuzi wa jirani juu ya rundo la matofali. "Tangu lini eneo likawa na roho?"

Mkewe, aliyekuwa kibarazani na kitabu chake, alimfafanulia kwamba neno hilo ni zuri na la siku nyingi, na kwamba asili yake ni moja na "hai". Ufafanuzi huo ulimzidishia giza.

Ruzuku ya kwanza ilifanya kazi yake, na kila mwenye macho aliona. Mtaro ulizibuliwa, ukuta wa kiwanda ukapakwa rangi, mabenchi yakawekwa mbele ya geti. Fundi alikaa kwenye kila benchi kwa zamu, akijaribu kuelewa. Mabenchi yalikuwa mazuri. Ila watu walikuja, wakakaa, wakalitazama geti lililofungwa, wakaondoka zao. Uhai wenyewe uko wapi?

"Usiniangushe, Mjomba," mpwa alimwambia ukaguzi ulipokaribia. "Wageni wakifika, watu watoke, pachangamke. Bila hivyo karakana tuisahau."

Hapo ndipo Fundi alipodhani ameelewa. Maisha yake yote alijua kitu kimoja tu cha kuwatoa watu wa mtaa ule majumbani. Akaenda kwa fundi pancha.

"Niazime mashine yako ya upepo."

"Ala, Mzee wa Boila! Umenunua gari?"

"Nina mgonjwa wa koo. Nataka kumpulizia."

"Ukiniharibia, mgonjwa utakuwa wewe!"

Boila lililokipa king'ora mvuke lilikuwa limekufa zamani, lakini king'ora chenyewe kilikuwa kizima. Fundi alikisugua kutu kwa mafuta ya taa, akakiunga na mpira wa upepo.

Wageni walifika, mbele yao bibi mpole mwenye kofia pana. Katibu akaanza hotuba. Fundi akafungua koki. King'ora kikakohoa, kikatema vumbi na kiota cha ndege, kisha kikalia.

Watu walitoka, tena mbio. Mzee wa mashine za kusokota alikuja na kiatu kimoja. Mama wa idara ya kufungasha alikuja akijifunga kilemba, chombo cha chakula kwapani. Bila kuambiwa, wakapanga foleni getini, kila mmoja mahali pake pa zamani, na mahali pa marehemu wakapaacha wazi.

Bibi wa mfuko alishika kifua. "Jamani! Huu ndio mwitikio wa jamii! Mmeuandaa vizuri mno."

Fundi alitoka na mikono yenye masizi. Mzee wa kusokota akamdaka mkono. "Ndugu yangu, tunaanza leo au leo tunaandikwa tu?"

Kichwani mwa Fundi mambo yalijisokota kama uzi uliokatika mashine ikiwa kasi. Upande mmoja bibi anacheka kwa furaha. Upande mwingine foleni inamngojea. Mpwa wake alimkonyeza: nyamaza. Angenyamaza, karakana ingejengwa.

"Mama," alimwambia yule bibi, "hawa hawakuja kukupokeeni. Wamekuja kazini. Nimewaita mimi, na kazi hakuna." Akaigeukia foleni. "Nisameheni, ndugu zangu. Niliambiwa nitie uhai. Nikadhani ni huu."

Bibi alivua kofia, akaivaa tena. "Sasa," alimwuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "eneo limehuishwa au bado?" Mwenzake naye hakujua.

Ile ruzuku kubwa haikuja. Wengine wakasema Fundi ameuza ajira zao. Wengine, kwamba amekula. Yeye hakubishana na mtu. Ila mara kwa mara, katikati ya chakula, aliweka kijiko chini: "Mke wangu, hivi wale watu walitaka nini hasa?" Na mkewe, pamoja na kusoma kwake kote, hakuwa na jibu.

Mashine ya upepo ilirudishwa kwa mwenyewe ikiwa nzima. Funguo za boila zimetundikwa ukutani nyumbani kwake, wala si za kuonyeshwa wapita njia. Mwenye hamu ya kujua zaidi akayaulize mabenchi. Mjane wake, aliyeyasimulia haya, amekwisha sema, na hasemi tena.