Aliyenifunza Kutupa Mpira Akanirudisha kwenye Kimia

Mpwa wangu alinipigia simu juzi kutoka Kismayo, akaniambia yule maalimu wetu wa mpira wa kikapu amefariki na wameshamzika. Nikasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikamuuliza sukari huko inauzwaje, kisha nikarudi kwenye chai yangu. Mke wangu akanikodolea macho: "Si ndiye yule unayemsema kila siku?" Nikamjibu ndiye. Chai nikaimaliza. Wasomaji wangu mliozoea maneno yangu mengi mtanisamehe. Nimekaa tangu asubuhi nikiingoja huzuni, na haijaja. Nimeganda tu. Basi acha nisimulie, labda itanikuta njiani.

Ilikuwa enzi ya Mtaliano, miaka yake ya mwisho mwisho. Kwetu ni Chovae, kisiwa cha wavuvi, lakini nililetwa Kismayo kwa shangazi ili nisome. Nyuma ya ghala la forodha palikuwa na uwanja wa saruji na pete mbili za chuma, na marehemu, karani kijana wa hapo, alikuwa ameuokota mchezo kwa mabaharia wa Kitaliano. Jioni akitufunza sisi. Lo, mtu yule alikuwa na subira ya kukera! Kutupa kwa mbali alitukataza kabisa. Alituweka karibu, chini ya pete, miguu ikiielekea, mpira juu ya ncha za vidole, kiwiko chini yake, mkono wa kushoto wa kushikilia tu. "Usisukume! Nyoosha mkono, mwisho ukunje kiganja, ukiache kining'inie mpaka mpira utue." Sisi wa visiwani tulimtesa, maana tulikuwa na kosa letu wenyewe: tulizungusha viuno. Tulikua tukitupa kimia, ule wavu wa mviringo wenye risasi pembeni, nao hutupwa kwa ubavu, mwili mzima ukizunguka, ndipo ufunguke hewani kama sinia. Mpira ukiutupa hivyo unaangukia kwa jirani. Basi akatukalisha juu ya masanduku ili viuno vitulie, na mkono wa kushoto akatufunga kwa kikoi. Mimi alinikalisha kuliko wote, hadi nikashika. Ikafika mahali nikitupa haukosi, akanitia katika timu ya kwenda kucheza Mogadishu. Wallahi sijapata kutaka kitu duniani kama nilivyoitaka safari ile.

Nikaenda Chovae kuaga. Nikamkuta baba bega limekufa, mkono haupandi, na nyumba nzima inaningoja mimi nitupe kimia. Nikaingia majini, nikatupa. Kimia kikapanda juu kikaanguka fundo moja, puu! Nikarudia, vilevile. Kiuno hakizunguki tena, na mkono unakwenda juu peke yake. Siku zikapita kwa mihogo mitupu. Mwisho baba akachoka. Alinishika mkono tukavuka hadi Kismayo, akaingia forodhani bila hodi, akauliza kwa lafudhi yetu ya visiwani: "Mchu huyu kamfanya nini mwanangu?"

Karani mwingine angeita askari. Yeye alisimama. "Ami, tafadhali, nataka nikaone kwa macho yangu." Akaja nasi Chovae, na suruali yake ya ofisi akaikunja magotini, akasimama majini kunitazama. Nikatupa mara kadhaa. Akamgeukia baba: "Ni mimi niliyemharibu."

"Basi mtengeneze."

"Siwezi, ami. Mwenye kuweza ni wewe. Mimi la kufanya ni kumwacha." Akaniambia, bila kuniangalia usoni: "Mwanangu, usije tena uwanjani."

"Na Mogadishu?"

"Watakwenda wenzako."

Wakaenda, wakapigwa vibaya, na mji mzima ukamcheka kwamba mchezaji wake bora kamwachia samaki. Mimi nilimchukia mpaka nikachoka. Baba alikaa ufukweni akinifokea, "Kiuno! Kiuno, we mtoto!" hadi kimia kikafunguka tena. Baadaye nikasikia kuwa tangu hapo marehemu hampi mtoto mpira kabla hajafika kwao akauliza mkono ule nyumbani unafanya kazi gani.

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Tunaisema mno, na siku hizi kila kona pana anayekunja: wa mpira, wa kompyuta, wa lugha za watu. Picha za kufuzu hupigwa, mwalimu akapeana mikono na watu, akaenda zake. Sijamwona anayemfuata mwanafunzi hadi kwao akakunja suruali, akatazama alichokifunza kimeacha nini, na akiona ameharibu akasema mwenyewe, mbele ya baba mtu.

Huzuni haijanifikia hata sasa, na sitaibuni kwa ajili ya gazeti. Lakini hili nalijua. Alinitaka niende Mogadishu kama nilivyotaka mimi, pengine zaidi. Nyumbani kwetu tulikula kwa sababu yeye alikubali kushindwa.