Kama Ilivyo

Mpangaji wa biashara akihama na kuacha nyumba imeharibika, mwenye nyumba huniita nimwandalie madai. Ndiyo kazi yangu hapa Ngara. Ugumu wake ni kutenganisha uchakavu wa kawaida na uharibifu. Rangi iliyofifia ni uchakavu. Kitasa kilichong'olewa kwa nyundo ni uharibifu. Wenye nyumba hawapendi kulisikia neno la kwanza, wapangaji hawapendi la pili, nami nimezoea kununiwa na wote.

Safari hiyo aliniita mama mmoja wa Mbuba, mjane, mwenye nyumba ya wageni aliyokuwa ameipangisha pale Nyakanazi. Nilimpa shikamoo, tukaanza na chumba cha kwanza, tukavipitia vyote. Masinki mawili yalikuwa yamepasuka, milango mitatu haina vitasa. Mabati ya upande wa nyuma yalitobolewa kupitisha nyaya za dishi, na mvua ikaangusha dari. Bila paa zima hapati mpangaji mwingine, na nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa imempumzisha na jembe.

"Andika na hiri pazia," alisema. "Harikuwa hivi."

"Pazia huchakaa, mama."

"Wewe andika."

Niliandika. Kisha nikaomba mkataba. Aliutoa kwenye mfuko wa nailoni, umekunjwa vizuri kama cheti cha ubatizo. Nikausoma nimesimama, hadi kipengele cha saba: "Mpangaji atairudisha nyumba kama ilivyo."

Kama ilivyo. Si kama alivyoikuta. Basi mpangaji alikuwa ametimiza ahadi: aliirudisha ilivyo, na matundu yake. Dai lote la paa lingeweza kuangukia hapo. Nikatazama chini, kwenye jina la mwandishi wa mkataba, nikaona saini yangu ya miaka ile nilipokuwa napenda sentensi fupi, na ndipo nikamkumbuka mama huyu. Niliona aibu, tena sana. Wanasema mganga hajigangi. Huyu alikuwa amemdhuru mgonjwa.

"Mama," nilisema, "humu kuna neno baya. Mpangaji atalishikilia hilo hilo. Na aliyeliandika ni mimi."

Hakushtuka. Alikuwa akilikunja lile pazia.

"Najua ni wewe," alisema. "Ndiyo maana sikuita mwingine. Ariyeandika ndiye anayejua turichokubariana."

Nilikijua. Ila sikukiandika.