Mabua Niliyoyaita Mzazi

Kucheka mtacheka, nawajua, lakini mimi siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze, tena mlangoni kwangu mwenyewe, pale Mabawa, mbele ya wanawake wa mtaa mzima. Na chanzo chake ni mabua ya mahindi, basi.

Enzi zile za Mwingereza tuliamriwa kwamba ukishavuna ung'oe mabua yote uyachome, kwa sababu ya funza wanaotoboa shina la muhindi wakaula moyo wake, mmea ukakauka ungali mchanga. Asiyechoma hupigwa faini. Mimi nikaona upuuzi (mjuzi mimi!), bua limeshakauka, funza gani atakaa humo, anakula nini? Tena mke wangu, Zuhura, alikuwa amekwenda Makorora kumuuguza mama yake, na kabla hajaondoka alinisihi nimtengenezee ua wa kuogea uliokuwa umelala chini, basi nikayachagua yale mabua marefu marefu, nikayafunga, nikayarundika chumbani mwetu nikisubiri kupata fito, nikashindika mlango.

Asubuhi moja akatokea bwana shamba, kijana wa Kishambaa kutoka Lushoto, Mlutheri, mpole kupita kiasi (afadhali angekuwa mkali, ningejua la kufanya). Akalizunguka shamba langu, akarudi barazani.

"Bwana Sefu, mabua umeyachomea wapi? Mbona sioni jivu?"

Macho yake yakaenda kwenye mlango wa chumba, ambako majani makavu yalikuwa yametapakaa kizingitini.

"Naweza kuchungulia humu?"

Hapo ndipo ulimi uliponiponza. "La, usiingie! Mna mzazi humo, kajifungua alfajiri."

Akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, akaomba radhi, akanipa hongera, akaenda zake. Nami nikashusha pumzi nikidhani nimepona.

Kumbe nyumba ya pili ni ya Bi Mwanakombo, na Bi Mwanakombo ndiye mkunga wa mtaa wetu, na yule kijana kwa adabu zake akampa hongera kwa kazi ya alfajiri! Bibi akaja mbio, anahema.

"Sefu, kazaa nani humo? Zuhura nilimwona juzi, hana mimba."

Nikanyamaza (ningesema nini, kila jibu lilinipeleka ama kwenye faini ama kwa kadhi). Naye kunyamaza kwangu akakufasiri atakavyo, kwamba nimeoa mke wa pili kwa siri. Jua halijapanda sawasawa, wanawake wamejaa uani na uji wa pilipili manga, hawa wanamhurumia mzazi, hawa wanamlaani, nami nimeuegemea mlango kwa mgongo. Mara rundo la mabua likaporomoka ndani, kishindo.

"Mzazi kaanguka!"

"Toka mlangoni, Sefu, utaua mtu!"

Bi Mwanakombo ananivuta kanzu mpaka inachanika begani, nami nang'ang'ania komeo.

Ghafla wote wakapisha njia. Zuhura alikuwa ameingia uani, maana habari ilikuwa imeshafika Makorora. Nilijiandaa kwa kofi, kwa matusi, kwa kudaiwa talaka mbele za watu. Hakunipiga. Mkononi alishika kishati cha kitoto, cheupe, nikakijua: alikishona mwaka tuliooana, akakihifadhi kwa mama yake, na miaka yote ile Mungu hakuwa ametujaalia.

"Nimekuja kumwona mtoto," akasema taratibu. "Yeye hana kosa."

Wallahi ningekuwa na mtoto wa kuazima ningemwazima. Nikasogea, nikafungua mlango, mabua yakamwagika mpaka miguuni pake.

Bwana shamba alikuwa amerudishwa na zile kelele. Akaokota bua moja, akalipasua kwa kisu, na humo ndani, katika bua kavu nililolidharau, kajilaza funza mnono.

"Wanalala humu mpaka mvua, Bwana Sefu, kisha wanageuka nondo wanaruka kwenda kutaga kwenye mahindi machanga. Na ya jirani zako pia."

"Hongera, baba funza!" mmoja akapiga kelele, uwanja mzima ukaangua kicheko, mwingine akatia na vigelegele. Hata mimi nilianza kucheka, mpaka nilipomwona Zuhura anakikunja kile kishati, anakikunja tena, mpaka kikapotea kiganjani mwake. Nikaona haya ambazo sijawahi kuziona maishani.

Faini nililipa, na mabua niliyachoma siku ile ile, watu wote wakitazama. Tangu hapo nimeapa, nikiulizwa kilichomo ndani mwangu nitasema, hata kiwe cha kunifunga, na mtoto asiyekuwapo simtaji tena, hata kwa mzaha. Mke wangu tumekaa naye miaka mingi baadaye, na kwa jambo la siku ile hakunigombeza hata mara moja. Laiti angenigombeza.